Wakili wa Maranda

Mtaani kwetu yupo mtu tuliyempa jina la Wakili. Sheria hakuisoma. Ni seremala, tena si seremala mzuri. Viti vyake vinacheza, na ukikikalia kimoja mbele za watu unajikuta unaomba radhi kwa sauti kinazotoa. Lakini mdomo aliojaliwa ungetosha ukoo mzima, na sehemu kubwa ya mdomo huo aliitumia kuwaeleza wenzake sheria.

Mpangaji akigombana na mwenye nyumba, Wakili huyo hapo, maranda ya mbao yamemjaa nyweleni, penseli sikioni: "Hapo unayo kesi, dada yangu. Usilale." Waendesha baiskeli wawili wakigongana, yeye ndiye wa kwanza kufika, na kabla hajamwinua aliyeanguka ameshaamua nani ana makosa. Elimu yake yote aliiokota kwenye benchi la nyuma mahakamani, alikokwenda kusikiliza kesi za watu siku ambazo hakuwa na kazi, na siku hizo zilikuwa nyingi. Sisi tulimwita Wakili kwa kumkejeli. Yeye akalipokea kama cheo, akaanza kuvaa shati lenye mfuko wa kuchomekea kalamu.

Mimi nauza vifaa vya useremala, vipya na vilivyotumika, mkabala na karakana ya shangazi yake. Nilianza na boksi la misumari iliyopinda, nikiinyoosha mmoja mmoja kwa nyundo, kwa hiyo mtu anayeishi kwa maneno matupu hanipati kirahisi. Shangazi ndiye mteja wangu mkubwa wa visu na mikanda ya mashine. Karakana yake ikifa, nami naumia. Huo ndio ujirani ninaoujua.

Sote tunamwita Shangazi, ingawa ni shangazi wa mtu mmoja tu, na huyo mmoja ndiye asiyemstahili. Ni mjane wa seremala aliyeijua kazi yake. Marehemu alimwachia banda la mabati, meza za kazi, mafundi wachache na mashine ya kuranda mbao, kuukuu, nzito, yenye mvumo wa kutetemesha vikombe dukani kwangu ng'ambo ya barabara. Mguu mmoja wa mashine ile ulivunjika zamani, na marehemu akakata mguu wa kitanda cha chuma akauchomelea mahali pake, na kile kirungu chake cha mapambo akakiacha palepale. Kila fundi wa mtaani anaujua mguu ule. Ubao uliokunjamana kama uso wa mtu aliyelala njaa ukiingia upande huu, upande wa pili unatoka laini, wa kumlaza mtoto mchanga. Ukiiondoa mashine, pale panabaki watu wanaotoka jasho chini ya bati.

Wakili alilelewa na Shangazi tangu baba yake alipofariki. Kazi alifundishwa humo humo, ufunguo akakabidhiwa. Basi Shangazi akaenda hospitali kutolewa mtoto wa jicho. Aliporudi jicho moja lilikuwa limefungwa, lakini lile lililobaki lilitosha kuona pengo sakafuni, maranda yamezunguka mahali patupu.

"Mashine iko wapi?"

"Imekwenda kwa fundi, Shangazi."

"Fundi gani?"

"Fundi mmoja, wa mbali kidogo."

"Mbali wapi?"

"Aa, Shangazi, wewe ni mgonjwa bado. Usijichoshe na habari za mafundi."

Fundi hakuwapo. Aliyekuwapo ni mtu wa mkokoteni, aliyemweleza Shangazi wazi kwamba Wakili alimkodi kuivuta mashine hadi barabara kuu, na huko ikapakiwa kwenye lori. Aliyasema hayo polisi pia, wakayaandika. Wakili akakamatwa, akashtakiwa kwa wizi, akapata dhamana. Akarudi mtaani kifua mbele, akitutangazia kwamba kesi yenyewe haina miguu.

Kwa bahati ya kijinga, alikuwa sahihi. Mtu wa mkokoteni alihama mji kutafuta riziki, na hakuna aliyejua alikoelekea. Kesi ikaitwa, shahidi hayupo, ikaahirishwa. Ikaitwa tena, hayupo tena. Kila mara Wakili alitoka pale akipangusa viatu vyake kwa leso, kama mtu aliyetoka kufanya kazi.

Kilichomkaba Shangazi ni madawati. Kabla ya kwenda hospitali alikuwa amepewa kazi ya kutengeneza madawati ya shule ya mtaani, kazi ya kumweka mjini mwaka mzima. Sasa mafundi wake walikuwa wakiranda mbao kwa mkono, siku nzima kwa mbao chache, na wawili kati yao walikuwa wamefunga virago. Mwalimu mkuu akaja, akasimama mlangoni asitake kukaa.

"Mama, mimi nakuheshimu. Lakini shule ikifunguliwa watoto wakiwa sakafuni, wazazi watanila nyama. Kama hujamaliza kufikia hapo, itabidi nimpe mwingine."

"Mwingine nani?"

Mwalimu akaangalia viatu vyake. "Kuna kijana amekuja kuniona. Anasema anafungua karakana."

"Kijana mwenye kalamu mfukoni?"

Shangazi hakuhitaji kujibiwa. Basi mambo yalikuwa hivyo: mashine irudi kabla shule haijafunguliwa, au mpwa aliyeiiba ndiye atakayeyatengeneza madawati yale kwa mashine ile ile.

Siku ya mwisho ya kesi nilifunga duka nikaenda naye. Mwendesha mashtaka alisimama akiwa amechoka kabla hajafungua mdomo, akasema upande wake umeshindwa kumpata shahidi, anaomba kuliondoa shtaka. Hakimu, mwanamke mwenye miwani na sauti ya chini, akamgeukia Wakili kizimbani.

"Mshtakiwa, shtaka dhidi yako limeondolewa. Unaweza kwenda."

Wakili akarusha mikono juu. Rafiki zake benchi la nyuma, wale wasikilizaji wenzake wa kesi za watu, wakapiga makofi na miluzi. Askari akawakemea. Hakimu hakupandisha sauti, aliendelea tu kusema, macho kwenye karatasi zake: "Fahamu kwamba huku si kuachiwa huru. Mahakama haijaamua kuwa huna hatia. Ushahidi ukipatikana, unaweza kushtakiwa upya kwa kosa hili hili."

Mtu aliyejiita mjuzi wa sheria alikuwa ameshateremka kizimbani, anakumbatiwa. Sentensi muhimu kuliko zote alizowahi kuambiwa maishani ilipita juu ya kichwa chake, na kichwa kile kilikuwa na nafasi ya kutosha kuipokea.

Shangazi alikuwa mbele, mkoba mapajani. Tulipotoka nje akamfuata karani wa mahakama aliyekuwa akitafuna karanga chini ya ukuta.

"Mwanangu, samahani. Kuondolewa shtaka na kuachiwa huru si kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja, mama. Kuachiwa huru maana yake kesi imesikilizwa, hakimu ameamua hana hatia, basi, imekwisha. Hata umchukie vipi, kwa kosa lile humrudishi tena. Huku kuondolewa shtaka ni faili limerudi kabatini tu."

"Na kabati linafunguka?"

"Lina mlango, mama." Akamimina karanga nyingine kiganjani. "Watu wengi wanachanganya. Wanachinja mbuzi, baada ya mwezi tuko nao tena hapa."

Mimi kwa kazi yangu sikuhitaji kufundishwa. Mnunuzi akitoka dukani akisema "nitapita tena", hajanunua wala hajakataa. Bei bado iko hewani, na kesho mtaianzia pale mlipoiachia. Mkishapeana mikono mali ikaondoka, hapo ndipo biashara imefungwa. Mtoto anayeuza mayai ya kuchemsha anajua tofauti hiyo. Wakili, na miaka yake yote ya benchi la nyuma, hakuijua.

"Kwani hajui, huyu mtoto wa kaka yangu?" Shangazi akaniuliza njiani.

"Angejua asingecheza vile."

Akacheka, mara ya kwanza tangu atoke hospitali. "Basi, Bosi, nani amwambie? Mimi naumwa jicho."

Wakili alifanya karamu. Muziki ulipigwa mpaka mbwa wakahama, na katikati ya karamu alisimama juu ya kiti, kwa bahati si alichokitengeneza yeye, akatuhutubia juu ya haki. Baada ya hapo akaanza kumkejeli shangazi yake hadharani. Akikutana naye sokoni anasimama kiheshima, anainamisha kichwa:

"Shikamoo, mlalamikaji!"

"Marahaba, mshtakiwa."

"Mshtakiwa wa zamani, Shangazi. Wa zamani! Sasa hivi unaongea na raia huru."

"Ndivyo ulivyosikia?"

"Ndivyo alivyosema hakimu."

"Haya, baba. Masikio ni yako."

Na watu wanacheka upande wake. Hao nao siwapi heshima yoyote. Watu wale wale waliokopeshwa vitanda na Shangazi walikula nyama ya karamu ile wakaramba vidole. Hata mdogo wake Shangazi, ambaye Wakili humwita baba mdogo, alikuja na uso wa msiba kumsihi.

"Dada, yaishe sasa. Mahakama imeshasema. Mpe mtoto mkono."

"Imesema nini?"

"Kwamba hana hatia."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo, ila nimeambiwa."

"Na nani?"

"Na yeye mwenyewe."

"Sawa, mdogo wangu. Kunywa chai, nenda kamwambie nimesikia."

Haukupita muda mrefu Wakili akaingia dukani kwangu, akaegemea kaunta kama mtu anayetaka kuinunua.

"Bosi, nitafutie visu vya mashine ya kuranda." Akanitajia urefu.

Nilimtazama. Visu vya urefu ule huviagizia mashine moja tu katika mji huu. Nyingine zote ni za siku hizi na zinachukua vifupi.

"Hivi ni vya mashine ya marehemu," nikasema.

"Ndiyo hiyo hiyo." Hata sauti hakuipunguza. "Unaogopa nini? Nilikuwa nimeihifadhi mahali, sasa naitoa. Bosi, nikufundishe kitu cha bure: mtu hashtakiwi mara mbili kwa kosa moja. Nikitaka naweza kuiweka mashine ile katikati ya barabara, nikakaa juu yake nikinywa soda, na polisi akipita anipigie saluti."

"Na mashine yenyewe imekuwa yako?"

"Kesi ilikuwa ya nini? Ya mashine. Nani ameshinda? Sasa mashine ya nani?"

Ujinga wa kawaida nauvumilia, ni sehemu ya biashara. Lakini huu ulikuwa umevaa shati la kalamu. Alikuwa ameokota kanuni ya kweli kabisa, ile ya mtu aliyehukumiwa akaachiwa huru, akaivaa yeye ambaye hakuwa amehukumiwa kitu. Nikampandishia bei. Hakubishana, akalipa, akaondoka anapiga mluzi. Seremala asiyebishana bei ya visu, hata kama hajaiba, kuna kitu hakiko sawa kichwani mwake.

Nikavuka barabara nikamwambia Shangazi.

"Visu vya ile?" akauliza.

"Vya ile. Na mtu hanunui visu vya kupamba ukuta."

 Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa viatu vyake vya kutokea, akaenda kituo cha polisi. Hakutuma mtu.

Wakili alikodi kibanda mwisho wa mtaa wetu huu huu. Alimlipa mchoraji aandike mlangoni, kwa herufi nyekundu, KARAKANA YA HAKI. Siku alipoiwasha mashine, vikombe vyangu vilianza kutetemeka juu ya rafu, mimi nikiwa nimekaa nimesahau mvumo ule. Nikatoka. Mlangoni kwake kulikuwa na watu wamejaa, na ndani mashine ilikuwa imepakwa rangi ya kijani kibichi kila mahali, hadi kwenye kirungu cha mguu wa kitanda. Rangi ndiyo ilikuwa hekima yake yote.

Shangazi akaja. Nyuma yake alikuwa mwanamume mmoja mwenye shati la mistari, amebeba ubao begani, nami nikamchukulia kuwa kibarua. Watu wakapisha njia. Wakili akazima mashine, akafuta mikono, akatabasamu kwa meno yote.

"Shikamoo, Shangazi! Karibu kwenye haki."

"Marahaba. Nina ubao wangu. Nirandie."

"Wewe, ulete ubao kwangu?"

"Mashine si unayo wewe? Mimi sina."

Kicheko kikapita mlangoni. Wakili hakuweza kujizuia, na nani angeweza? Siku kama hiyo alikuwa ameiota. Akaupokea ubao, akaiwasha tena mashine, akauingiza, ukatoka upande wa pili unang'aa. Akampa kwa mikono miwili kama mhudumu wa hoteli.

"Umetoka vizuri," Shangazi akasema, akiupapasa. "Mashine nzuri. Ya nani hii?"

"Ya nani tena! Ya marehemu mume wako, Shangazi. Unaijua kuliko mimi."

"Na ilifikaje hapa?"

"Niliichukua." Akawageukia watazamaji, mikono wazi. "Mnasikia? Sifichi! Niliichukua wewe ukiwa hospitali. Semeni, nani atanifanya nini? Mahakama imeniachia!"

Yule wa shati la mistari akatoa kitambulisho chake mfukoni. Alikuwa na sauti ya upole mno kwa mtu mwenye mabega yale.

"Ndugu, mimi ni askari. Zima umeme wa mashine, tufuatane."

"Kwa kosa gani?"

"La wizi wa mashine hii."

"Hiyo kesi ilikwisha! Hujui sheria wewe! Huwezi kunishtaki mara mbili!"

"Utamwambia hakimu."

"Nitamwambia! Tena twende sasa hivi! Nitakufukuzisha kazi!"

Akaondoka akitangulia yeye mbele ya askari, anataka awahi. Mtu anayekimbilia pingu zake mwenyewe sijawahi kumwona tena.

Kidogo mashine nayo impotee Shangazi kwa mara ya pili. Polisi walitaka kuikalia kama kielelezo hadi kesi imalizike, na kesi tunazijua. Shule ilikuwa karibu kufunguliwa. Shangazi hakulia, wala hakumpigia mtu magoti. Alimwomba hakimu mashine ipigwe picha pande zote, mguu wa kitanda usisahaulike, kisha arudishiwe kwa sharti la kuileta ikihitajika. Hakimu alikuwa yule yule mwenye miwani. Akakubali.

Wakili akasimama kizimbani, kalamu mfukoni.

"Mheshimiwa, napinga. Shauri hili uliliamua mwenyewe. Uliniachia huru."

Hakimu akavua miwani. "Sikukuachia huru. Niliondoa shtaka, na nikakueleza tofauti. Wewe ulikuwa unakumbatiwa."

Hata askari wa mlangoni aligeuza uso ukutani. Wakili akaichomoa kalamu mfukoni, akairudisha. Alitazama benchi la nyuma. Rafiki zake wa makofi walikuwapo, kila mmoja anachunguza kucha zake.

Safari hii kesi haikumhitaji mtu wa mkokoteni. Mtaa mzima ulikuwa umemsikia akikiri kwa kinywa chake, na mashine ilikutwa mikononi mwake ikinguruma. Ilisikilizwa hadi mwisho, ikaamuliwa, akafungwa. Baba mdogo alikuja tena na ule uso wa msiba, na Shangazi akamkaribisha chai ile ile.

Mashine ilirudi mahali pake siku ambayo mafundi waliobaki walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Ilinguruma asubuhi hadi jioni, na vikombe vyangu nikaviteremsha rafuni nikaviweka sakafuni. Madawati yalifika shuleni yakiwa bado yananuka vanishi, watoto wakayakalia na suruali zikanata. Mwalimu mkuu alikuja kushukuru, safari hii akakaa. Shangazi alimkalisha kwenye kiti kimojawapo cha Wakili, na mwalimu kila alipojitingisha, kiti kikamjibu.

Nilipompelekea visu vipya alivikataa.

"Vya nini, Bosi? Vilivyomo ni vipya kabisa."

"Nilikuwa nimesahau."

"Mwenyewe uliviuza, tena nasikia kwa bei mbaya. Usinitafutie hasara, nenda zako."

Rangi ya kijani hakuibandua. Anasema inamkumbusha kuisikiliza sentensi mpaka nukta.

Juzi alipita dukani mtu aliyetoka gerezani, ananunua msasa. Aliniambia kule ndani kuna karakana ya useremala, na kuna fundi mmoja humo, viti vyake vinalia, lakini ni msomi wa sheria na wafungwa wanamwita Wakili. Wale wanaosubiri kesi zao wanampanga foleni awape ushauri.

"Na anawaambia nini?" nikauliza.

"Mambo mazito, Bosi. Alitufundisha kwamba hakimu akikuondolea shtaka, shangilia, umepona moja kwa moja. Lakini akikuachia huru, kaa chonjo, maana hapo ndipo wanaweza kukurudisha."

Nikamfungia msasa wake.